Hoya yako haichanui? Namna ya kuipatia maua ndani ya nyumba

Kabla ya kununua mbolea ya maua, hakikisha kwanza mmea ulio nao ni wa kuchanua. Mimea mingi inayoning'inia kwenye rafu za watu ni pothosi, ile yenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yaliyopakwa njano. Pothosi hata uibembeleze vipi haikupi ua. Ina kasoro ya kurithi inayoifanya ishindwe kujitengenezea homoni ya jiberelini ya kutosha, na pasipo homoni hiyo tumba halianzi. Iache iwe mapambo ya majani.

Hoya ni mmea mwingine kabisa. Majani yake ni manene, yamekaza, yanang'aa kama yamepakwa nta. Yamekaa mawili mawili yakitazamana kwenye kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina, na ukikwangua shina kidogo hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Hiyo ndiyo inayotoa shada la nyota ndogondogo, 10 hadi 30 na wakati mwingine zaidi, zilizojipanga kama mwavuli na zenye harufu inayozidi jua likizama. Jina lake lilitolewa mwaka 1810 na mtaalamu wa mimea Robert Brown, kumuenzi Thomas Hoy aliyekuwa mtunza bustani wa Syon House huko Uingereza. Kwao ni Asia ya joto, visiwa vya Pasifiki magharibi na Australia. Nyingi huota juu ya miti mingine, zikijishikiza tu bila kuinyonya. Mmea wa namna hiyo hupata mwanga mwingi uliochujwa na majani ya mti, mizizi yake hulowa mvua ikinyesha na kukauka mvua ikikatika, na hakuna anayeuhamishahamisha. Kumbuka hilo, maana karibu kila hatua hapa chini inatokana nalo.

Umri na aina

Hoya changa haichanui. Kipandikizi kilichotia mizizi leo kwa kawaida huchukua miaka 2 hadi 4 kutoa shada la kwanza. Hoya carnosa ya kawaida, yenye majani ya kijani, haina makuu na ndiyo inayomfaa anayeanza. Ndugu zake wenye majani ya mabaka meupe au ya waridi huchelewa zaidi, kwa sababu sehemu nyeupe ya jani haitengenezi chakula. Ile inayoitwa Compacta, yenye majani yaliyojikunja kama kamba iliyosokotwa, nayo ni nzito kuchanua. Mwenye haraka atafute Hoya lacunosa au Hoya bella. Zote mbili ni ndogo na huchanua mapema.

Kuna pia ile inayouzwa ikiwa jani moja la umbo la moyo lililochomekwa kwenye kikopo, Hoya kerrii. Jani hilo kama lilikatwa bila kipande cha kifundo litatia mizizi, litakaa kijani miaka na miaka, lakini halitatoa shina, sembuse ua. Jicho la kuchipua liko kwenye kifundo, si kwenye jani. Ndiyo maana kipandikizi kizuri kina vifundo 2 au 3, na kinatoka kwenye mmea mzazi uliokwisha kuchanua.

Hatua ya 1: Mwanga

Kama hoya yako imefikisha umri, ina afya na inatambaa vizuri lakini haijawahi kutoa hata tumba moja, shuku mwanga kabla ya kitu kingine chochote. Mbolea haiwezi kufidia mwanga uliokosekana.

Macho yetu hayafai kwa kazi hii. Chumba ambacho mtu anasoma gazeti bila taabu bado ni giza kwa mmea unaotakiwa kuchanua. Pima hivi: saa sita mchana, siku ya jua, weka kiganja sentimita 30 juu ya majani na uangalie kivuli chake. Vidole vikihesabika lakini kingo zimefifia kidogo, hapo panafaa. Kivuli kikiwa kama wingu lisilo na umbo, majani yataishi ila maua hayatakuja. Kivuli kikiwa cheusi, kingo zake kali kama zimekatwa kwa mkasi, hilo ni jua la moja kwa moja, na la saa sita huunguza. Mwenye programu ya kupima mwanga kwenye simu atafute luksi 10,000 hadi 20,000 kwa sehemu kubwa ya mchana.

Dirisha linaloelekea mashariki ndilo rahisi kuliko yote. Hoya hupokea jua laini la asubuhi kwa muda wa saa mbili tatu, kisha mwanga usio na jua la moja kwa moja siku nzima. Dirisha la magharibi linafaa ukiweka pazia jepesi wakati wa alasiri. Kwa wanaoishi mbali na ikweta, dirisha lenye jua zaidi ni la kusini kwa walio kaskazini ya dunia, na la kaskazini kwa walio kusini. Karibu na ikweta jua hubadilisha upande mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo dirisha lililokuwa na kivuli miezi sita iliyopita huenda leo linaunguza. Popote ulipo, weka mmea ndani ya nusu mita kutoka kwenye kioo. Mita mbili ndani ya chumba ni mahali pa pambo, si pa ua.

Mmea wenyewe hukuambia. Majani ya kijani kizito na nafasi ndefu kati ya kifundo na kifundo maana yake unatafuta mwanga. Majani yaliyopauka kuwa njano upande unaotazama dirisha yamezidiwa. Wekundu kidogo kwenye majani si ugonjwa. Aina nyingi hujikinga jua hivyo, na mara nyingi huwa karibu na kiwango cha kuchanua. Baka la kahawia lililokauka kama karatasi ndilo la kuunguzwa, na halitapona.

Usihamishe mmea kutoka kona ya giza hadi dirishani kwa siku moja. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3.

Pasipo na dirisha la kufaa, taa ya LED nyeupe ya mimea iliyowekwa sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, ikiwaka saa 12 hadi 14 kwa siku, hutosha kabisa. Ifunge kwenye swichi ya saa, usitegemee kumbukumbu. Na hapa kuna kosa linalojirudia: watu huifunika hoya kwa boksi jioni ili ipate usiku mrefu. Ushauri huo ni wa Schlumbergera, ile kakitasi ya kuning'inia ambayo kweli huhitaji usiku mrefu kwa wiki kadhaa ili ifanye matumba. Ukiihamishia hoya, unainyima mwanga tu.

Hatua ya 2: Chungu na udongo

Hoya hupenda mizizi yake ibanane. Chungu kikubwa kina udongo mwingi usio na mizizi, udongo huo hukaa na maji, na mizizi huoza. Hata isipooza, mmea hutumia mwaka mzima kujaza chungu badala ya kuchanua. Kwa hoya yenye mashina ya mita moja hivi, chungu cha kipenyo cha sentimita 12 hadi 15 kinatosha. Unapobadilisha, ongeza kipenyo kwa sentimita 2 hadi 3 tu, na si kabla mizizi haijaanza kutokeza kwenye matundu ya chini au maji hayajaanza kupita moja kwa moja bila kushika.

Mchanganyiko: sehemu 2 za vipande vya magome ya miti vya ukubwa wa punje ya maharage, sehemu 1 ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano zinazoingiza hewa), sehemu 1 ya vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi. Chungu cha sentimita 15 humeza lita moja na nusu hadi mbili za mchanganyiko huu. Udongo wa bustani peke yake hapana. Unashikamana na kuziba hewa. Ubadilishaji wa chungu ufanye mara tu baada ya msimu wa maua, kamwe usiufanye mmea ukiwa na matumba.

Hatua ya 3: Maji

Usimwagilie kwa kalenda. Shika jani pevu, si lile la nchani, ulikunje taratibu kwa vidole viwili kama unayekunja chapati. Jani lililoshiba linagoma, utadhani soli ya kiatu. Jani lililo tayari kunywa linakubali kupinda. Likikubali, na kidole kikizamishwa sentimita 4 kikakuta pakavu, mwagilia polepole hadi maji yatoke chini. Kwa chungu cha sentimita 12 ni kama robo lita. Subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani.

Jani likiwa laini huku udongo ukiwa bado umelowa, usiongeze maji. Hiyo ni mizizi iliyooza, haiwezi tena kunywa. Toa mmea kwenye chungu, kata mizizi iliyo kahawia na telezi, rudisha kwenye mchanganyiko mpya mkavu kidogo, na usahau maua kwa mwaka huo.

Unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 60 ni mzuri. Carnosa huvumilia hata 40. Zenye majani membamba, kama bella, hulalamika mapema. Kupulizia maji majani mara kwa mara hakubadilishi unyevu wa chumba kwa muda wa maana. Kusogeza vyungu vikae pamoja kunasaidia zaidi.

Hatua ya 4: Mbolea

Hapa pana makelele mengi kuliko faida. Tumia mbolea ya maji yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, kwa nusu ya kipimo cha kwenye lebo, kila baada ya wiki 2 wakati mmea unakua. Kwa mbolea ya unga ya 20-20-20 hiyo ni nusu gramu kwa lita moja ya maji. Mwagilia maji matupu kwanza, mbolea ifuate. Mizizi mikavu huungua.

Naitrojeni ikizidi utapata majani makubwa yanayopendeza na hakuna ua. Mbolea "ya kuchanulisha" yenye fosforasi nyingi haina madhara ukiitumia mwezi mmoja kabla ya msimu, lakini haijawahi kuchanulisha hoya iliyo gizani. Kila miezi 2 pitisha maji mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, kuondoa chumvi iliyoganda.

Hatua ya 5: Mapumziko

Carnosa huchanua vizuri ikipata wiki 6 hadi 8 za ubaridi na ukavu kabla ya msimu wake: usiku uwe nyuzijoto 13 hadi 16, maji yapungue hadi nusu, mbolea isimame. Usiishushe chini ya nyuzijoto 10. Mwanga usipungue hata kidogo. Mapumziko ni ya maji na joto. Pasipo na majira ya baridi, tumia miezi ya ubaridi iliyopo na upunguze maji tu. Aina za tambarare za joto, kama lacunosa, hazihitaji ubaridi huo na zinaweza kuchanua mara kadhaa kwa mwaka.

Hatua ya 6: Weka mkasi chini

Maua mengi ya hoya huishia kwenye ndoo ya taka kabla hayajazaliwa, na anayeyatupa ni mwenye mmea mwenyewe. Anakata vitu viwili asivyovitambua.

Cha kwanza ni mjeledi. Hoya hurusha shina refu, jembamba, lisilo na jani hata moja, wakati mwingine mita nzima, likipapasa hewani kutafuta pa kushika. Linaonekana kama limekauka au limedumaa, na mtu mpenda usafi hulikata. Majani yake yanakuja baadaye, na vikonyo vya maua hutokea mara nyingi kwenye vifundo vya mashina hayo hayo. Ulikate tu likiwa limekauka kweli: limesinyaa, kahawia, na linavunjika kwa mlio.

Mijeledi ipe njia. Pinda waya mzito uwe duara la kipenyo cha sentimita 30 hadi 40, chomeka ncha zake mbili kwenye chungu, kisha zungushia mashina kwa kufuata upande ambao yenyewe yanajizungusha. Ukiyalazimisha upande wa pili yatajifungua usiku. Funga kwa uzi laini, kwa kulegeza. Shina la siku chache hupindika. Likishakomaa huvunjika, kwa hiyo usingoje. Bella usiisumbue na waya, yenyewe huning'inia na kuchanua kwenye ncha zilizoinama.

Cha pili ni kikonyo. Hiki ni kijiti cha sentimita 1 hadi 5 kinachochomoza kwenye kifundo, kando ya jani. Kiangalie kwa karibu, hata kwa kioo cha kukuzia. Chipukizi la shina lina ncha kali yenye vijani viwili vilivyofumbana. Kikonyo kina ncha butu, yenye vinundu vinundu kama kinanasi kidogo. Kinaweza kukaa hivyo bila kufanya lolote kwa miezi, kisha kikaanza kuvimba wiki moja bila kukuaga.

Maua yakishapukutika, kikonyo hubaki. Kiache. Msimu ujao kitachanua tena pale pale nchani, na tena mwaka unaofuata, kila mara kikirefuka kidogo na kuacha alama za duara za maua yaliyopita. Ukikata kikonyo cha zamani umekata maua ya miaka. Kikitaka kuanguka chenyewe, kitaanguka.

Hatua ya 7: Kulinda matumba

Tangu vinundu vianze kuvimba hadi nyota kufunguka ni wiki 3 hadi 8, kutegemea aina na joto. Kipindi hiki kina sheria moja kubwa: usibadilishe kitu. Bandika kipande cha utepe kwenye chungu upande unaotazama dirisha, ili hata ukikitoa kumwagilia kirudi vile vile. Sasa udongo usikauke kabisa kama zamani. Mwagilia sentimita 2 za juu zikishakauka. Usipulizie maji matumba.

Matumba yakigeuka njano na kudondoka ukiyagusa, tafuta sababu kwa mpangilio huu. Je, udongo ulikauka hadi majani yakakunjamana hata mara moja? Hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Je, chungu kilihamishwa au kilizungushwa? Je, kuna pumzi ya kiyoyozi, hita au dirisha la baridi inayokipiga moja kwa moja? Je, udongo umelowa wiki nzima? Kama yote ni hapana, na ni shada la kwanza la mmea mchanga, basi hakuna kosa. Hoya nyingi hufanya jaribio la kwanza, zikaliacha, na kulikamilisha safari ya pili kwenye kikonyo kile kile.

Wadudu wa kwenye vikonyo

Vidung'ata, wale weupe kama vipande vya pamba, hujificha kwenye makutano ya jani na shina; kwenye Compacta hujificha ndani ya mikunjo na huwa kazi kweli kuwatoa. Wapake spiriti ya asilimia 70 kwa kijiti cha pamba, rudia kila baada ya siku 7 mara tatu, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Vidukari vya njano hukimbilia vikonyo na matumba. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu yanayotiririka polepole huku umeshika shada kwa mkono wa pili. Dawa ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, ni ya majani na mashina. Ijaribu kwanza kwenye jani moja, na matumba usiyapulizie.

Mchwa wa kawaida hawana habari na hoya, lakini ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, chunguza. Huenda wanafuata nekta tu, huenda wanafuga vidukari.

Ikishachanua

Shada la carnosa hukaa wiki moja hadi mbili. Nyota hutoa nekta inayodondoka, matone ya rangi ya chai yenye kunata, kwa hiyo usiache zulia wala vitabu chini yake. Tone lililoganda kwenye kioo au meza hutoka kwa kitambaa chenye maji ya moto. Harufu ya usiku hupendwa na wengi, ila kwenye chumba kidogo cha kulala mashada matatu kwa pamoja yanaweza kumnyima mtu usingizi. Ukihitaji kuhamisha chungu, ngoja hadi nyota zote ziwe zimefunguka. Baada ya hapo hakuna tumba la kupoteza. Nyota zilizonyauka zitaanguka zenyewe. Ukitaka kuzisaidia, zing'oe moja moja kwa vidole na uache ncha ya kikonyo ikiwa nzima.